Utabiri wa Oscar: anayejua mpiga kura ndiye anayejua bei

MFANYABIASHARA wa mahindi wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, hasubiri bei itangazwe ndipo aamue. Huuliza kwanza ni malori mangapi yametoka Sumbawanga, foleni ya Tunduma ikoje, na kama wanunuzi wa Dar es Salaam bado wamelala nyumba za wageni au wamekwisha kuondoka. Akishajumlisha hayo, bei ya kesho haimshangazi sana. Mwenzake wa Soko Kuu la Iringa hufanya vivyo hivyo kwa nyanya za Ilula, ingawa nyanya haimpi mtu muda mrefu wa kufikiri.

Kutabiri washindi wa tuzo za filamu za Marekani, zile zijulikanazo kama Oscar, ni kazi ya akili hiyo hiyo. Wapo wanaoifanya kwa kujifurahisha, na wapo wanaoweka fedha. Katika miji ya Nyanda za Juu Kusini, ambako kijana anajua mkeka wa mpira kuliko anavyojua daftari la benki, swali la kibiashara ni moja tu: je, matokeo ya tuzo hizo yanaweza kujulikana mapema kiasi cha kumpa mtu faida?

Jibu fupi ni kwamba yanaweza kujulikana mapema, lakini faida ni jambo jingine.

Mwanzoni hapakuwa na haja ya kutabiri chochote. Tuzo za kwanza zilitolewa Mei 16, 1929 katika hoteli ya Roosevelt, Hollywood, na washindi walikuwa wamekwisha kutangazwa miezi kama mitatu kabla. Baadaye majina yakawa yanapelekwa magazetini mapema kwa masharti kwamba yasichapwe kabla ya saa iliyopangwa. Mwaka 1940 gazeti la Los Angeles Times likayachapa mapema, wageni wakaingia ukumbini wakiwa wanajua nani ameshinda. Mwaka uliofuata ikaanza bahasha iliyofungwa. Kwa lugha ya soko, siku hiyo ndipo habari ilipokuwa bidhaa adimu, na bidhaa ikiwa adimu hupata madalali.

Kura zinahesabiwa na kampuni ya wakaguzi wa hesabu ambayo leo inaitwa PwC, iliyoshika kazi hiyo tangu miaka ya 1930. Siri hutunzwa vizuri mno. Kasoro kubwa iliyotokea, ya mwaka 2017 ambapo La La Land ilitangazwa mshindi wa picha bora badala ya Moonlight, haikuwa ya siri kuvuja. Mtangazaji alikabidhiwa bahasha isiyo yake, basi. Kwa hiyo mtu asitegemee kununua jibu. Kinachouzwa sokoni ni dalili.

Dalili zenyewe

Wapiga kura wa Oscar ni wanachama wa Akademi ya Marekani ya sanaa na sayansi ya sinema, na idadi yao sasa imepita 10,000. Si waandishi wa habari wala watazamaji wa kawaida. Ni waigizaji, waongozaji, watayarishaji, wapiga picha, wahariri, mafundi wa sauti na wenzao. Wengi wao ni wanachama pia wa vyama vyao vya kazi, na vyama hivyo hutoa tuzo zake kabla ya Oscar. Hapo ndipo siri inapojianika yenyewe juani.

Chukua chama cha waongozaji. Tangu kianze kutoa tuzo yake mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi sherehe ya Oscar ya 2025, mwongozaji aliyeshinda huko amekosa Oscar ya uongozaji mara nane tu. Ni vigumu kukumbuka kipimo kingine cha biashara chenye rekodi ya namna hiyo. Watabiri wa mvua wangefurahi kupata nusu yake. Tena katika hizo nane, tatu zina maelezo rahisi. Steven Spielberg kwa filamu za 1985, Ron Howard kwa zile za 1995 na Ben Affleck kwa zile za 2012 walishinda kwenye chama ilhali Akademi haikuwa hata imewateua kugombea. Asiyekuwamo kwenye karatasi hawezi kupigiwa kura.

Picha bora ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu kura yake huhesabiwa kwa namna tofauti. Tangu sherehe ya 2010, mpiga kura haweki alama moja tu. Huzipanga picha zote kwa namba, kuanzia anayoipenda zaidi hadi asiyoitaka. Isipopatikana yenye zaidi ya nusu ya kura za namba moja, ya mwisho huondolewa na kura zake hugawiwa kwa zile zilizowekwa namba mbili, na kadhalika hadi mmoja avuke nusu.

Tuseme wapiga kura ni 100 na zimebaki picha tatu. Ya kwanza ina kura 38, ya pili 34, ya tatu 28. Ya tatu inatolewa. Katika wale 28, ikiwa 20 waliipa namba mbili picha ya pili na 8 waliipa ya kwanza, basi ya pili inafikisha 54 na ile iliyokuwa ikiongoza inabaki na 46. Picha yenye mashabiki wakali na maadui wengi huumia hapo. Ile ambayo watu wengi hawana ugomvi nayo hupenya. Mtabiri wa picha bora basi haulizi tu ni ipi inapendwa zaidi. Huuliza ni ipi haichukiwi.

Chama cha watayarishaji hutumia hesabu ya aina hiyo hiyo, na ndiyo sababu watabiri humsikiliza sana. Mwaka 2022 chama cha waongozaji kilimpa tuzo Jane Campion wa The Power of the Dog, lakini cha watayarishaji kikaichagua CODA. Siku ya Oscar, Campion akachukua ya uongozaji na CODA ikachukua picha bora. Kila chama kilisema ukweli kuhusu kikapu chake. Hata hivyo watayarishaji nao huteleza: mwaka 2020 walichagua 1917, kisha Parasite ya Korea Kusini ikawa picha ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda picha bora.

Funzo la Lupita

Mfano ulio karibu zaidi na nyumbani ni wa mwaka 2014. Lupita Nyong'o, binti wa wazazi wa Kenya aliyezaliwa Mexico, aligombea tuzo ya mwigizaji bora wa kike msaidizi kwa kazi yake katika 12 Years a Slave. Mshindani wake mkuu alikuwa Jennifer Lawrence wa American Hustle. Januari, tuzo za Golden Globe zikamwendea Lawrence. Februari, tuzo za BAFTA za Uingereza nazo zikamwendea Lawrence. Mtu aliyehesabu vikombe tu angeweka fedha yake huko.

Lakini katikati ya hizo mbili, chama cha waigizaji wa Marekani kilikuwa kimempa Lupita. Golden Globe wakati huo ilikuwa ikipigiwa kura na waandishi wa kigeni wasiofika hata mia moja, ambao hawana kura kwenye Oscar. BAFTA ilikuwa na Waingereza wake. Waigizaji ndio kundi kubwa kuliko yote ndani ya Akademi. Machi 2, 2014, bahasha ikafunguliwa, na Nairobi ikaamka ikishangilia. Vipimo viwili vilikuwa vimesema hapana na kimoja ndiyo, na kile kimoja ndicho kilichobeba wapiga kura wenyewe.

Ungedhani basi kanuni imepatikana: mfuate mwigizaji. Mwaka 2025 kanuni hiyo iliwachania watu mikeka. Chama cha waigizaji kilimpa Demi Moore upande wa kike na Timothée Chalamet upande wa kiume. Oscar zikaenda kwa Mikey Madison na Adrien Brody, ambao ndio waliochukua BAFTA. Sababu iko kwenye kalenda. Upigaji kura wa Oscar ulifungwa Februari 18. BAFTA ilifanyika Februari 16, siku mbili kabla. Chama cha waigizaji kilifanya sherehe yake Februari 23, wakati kura za Oscar zilikuwa zimekwisha kufungiwa. Ushindi wa Moore haukuweza kumgeuza mpiga kura yeyote, kama vile habari za mvua ya Jumapili haziwezi kubadili bei ya mpunga uliouzwa Igurusi Jumamosi.

Kwa hiyo mtabiri mzuri hubeba maswali mawili kila anapoona tuzo ya awali: nani aliyepiga kura hapa, na ilikuwa lini? Mwaka 2021 wengi waliyasahau. Marehemu Chadwick Boseman alikuwa amechukua Golden Globe na tuzo ya chama cha waigizaji, na waandaaji wakahamisha tuzo ya mwigizaji bora wa kiume ikawa ya mwisho kabisa usiku ule, jambo lisilo la kawaida. Mshindi akawa Anthony Hopkins, aliyechukua BAFTA, na hakuwapo ukumbini. Sherehe ikaisha kama duka lililofungwa mteja akiwa bado ndani.

Wapo washindi ambao hawahitaji hesabu yoyote. Forest Whitaker, aliyemwigiza Idi Amin katika filamu iliyopigwa Uganda, alifagia karibu kila kitu kabla ya Oscar yake ya 2007. Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London wa wazazi wa Uganda, naye alifanya vivyo hivyo mwaka 2021. Hapo utabiri ni rahisi na faida ni ndogo, kwa sababu kila mtu anajua.

Lumbesa ya kampuni ya kamari

Hapo ndipo fedha inapoingia. Kampuni za kamari za Uingereza zimekuwa zikitoa odi za Oscar kwa miaka mingi, na mwaka 2019 jimbo la New Jersey huko Marekani liliruhusu kamari hiyo kihalali. Anayesoma odi za mpira pale Kabwe anaweza kuzisoma hizi bila mwalimu. Odi ya 1.40 maana yake ukiweka sh. 10,000/- unarudishiwa sh. 14,000/-, mtaji wako ukiwa ndani. Gawanya 100 kwa 1.40, unapata 71. Ni sawa na kusema soko linampa mgombea huyo nafasi 71 katika 100.

Sasa fanya hivyo kwa wagombea wote watano. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme odi ni 1.40, 4.00, 8.00, 12.00 na 20.00. Nafasi zao zinakuwa 71.4, 25, 12.5, 8.3 na 5. Jumla inafika 122. Lakini nafasi zote za mashindano haziwezi kuzidi 100. Hiyo 22 ya ziada ni nini?

Mkulima wa viazi wa Uyole anaijua kwa jina lake: lumbesa. Gunia limefungwa, kisha juu yake limeshonewa kilemba, na bei ni ile ile ya gunia. Katika mfano huu, kila sh. 10,000/- inayowekwa, hata kama odi zimepangwa kwa haki kati ya wagombea, thamani yake halisi ni kama sh. 8,180/- tu. Zilizobaki zimekwenda kwenye kilemba. Mtabiri anayepatia mara nyingi anaweza kumaliza msimu akiwa na hasara, kwa sababu alipatia yale ambayo kila mtu aliyajua na kwa bei iliyokwisha kujaa lumbesa. Mwalimu wa hesabu za biashara angesema huyo hana faida ya habari. Mtaani husema amechelewa soko.

Rafu za Mwanjelwa na Miomboni

Kundi la pili lenye fedha mezani ni wenye maduka ya filamu na mabanda ya video. Tangu siku za kanda za VHS, kabla hata televisheni binafsi hazijaanza nchini mwaka 1994, hadi enzi za diski na sasa flashi, mwenye duka wa Mbeya au Iringa amekuwa akikisia picha gani iwekwe mbele. Je, utabiri wa Oscar umsaidie?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Banda linaishi kwa picha za mapigano, za Kihindi, za Kinigeria na za Bongo, nyingi zikiwa na mtafsiri anayezungumza juu yake. Anora, picha bora ya 2025, si ya kuonyeshwa banda lenye watoto wa shule mlangoni, na Bodi ya Filamu haina haja ya kuelezwa kwa nini. Black Panther ni habari nyingine: ilichukua Oscar tatu mwaka 2019 lakini haikuhitaji hata moja ili kuuzika. Tuzo na mauzo ni masoko mawili yanayokutana mara moja moja. Mwenye duka anayeweka mtaji kwenye picha bora kwa kudhani jina la Oscar litamvuta mteja wa Mlandege, amenunua mbegu ya ngano akapande bondeni Kyela.

Kuna pia suala la nakala. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo, COSOTA ipo, na tangu 2013 kazi za filamu na muziki zikawekewa stempu za kodi. Anayejaza flashi ya mteja kwa picha iliyoshushwa bure anauza mali ya mwenzake, na hilo halibadiliki kwa kuwa mwenyewe yuko Hollywood.

Ziko nyakati ambapo utabiri wa Oscar uligusa biashara ya Tanzania moja kwa moja. Mwaka 2006 filamu ya Hubert Sauper kuhusu sangara wa Mwanza, iliyojulikana nchini kwa jina la Mapanki, iliteuliwa kugombea tuzo ya filamu bora ya maisha halisi. Serikali ilikasirika na Rais Jakaya Kikwete akailaani hadharani. Hofu ilikuwa ni minofu ya samaki inayouzwa Ulaya. Mtu aliyesoma dalili angeweza kuwatuliza wenye viwanda. Mshindani wake alikuwa March of the Penguins, filamu ya ndege wa barafuni iliyokuwa imeingiza zaidi ya dola milioni 70 katika majumba ya sinema ya Marekani, na ndiyo iliyoshinda. Uharibifu wa jina, hata hivyo, hausubiri bahasha.

Kutoka Carthage hadi Mbeya

Tanzania yenyewe imewahi kupeleka mzigo kwenye soko hilo. Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ilipelekwa mwaka 2001 katika kundi la filamu za lugha za kigeni. Ikapita miaka zaidi ya ishirini kabla ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, kupelekwa mwaka 2022. Hii ya pili ilikuwa imeonyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka 2022 ilichukua tuzo kubwa ya tamasha la Carthage nchini Tunisia. Mashabiki wakahesabu vikombe. Desemba ilipotoka orodha ya filamu 15 zilizobaki katika mchujo, haikuwamo.

Tuzo ya Carthage ilikuwa ya haki, ila ilitolewa na jopo dogo lililokaa ukumbini na kuitazama. Oscar hutaka maelfu ya watu waliotawanyika waamue kuitazama filamu yako badala ya nyingine tisini. Mshindi wa mwaka ule, All Quiet on the Western Front ya Ujerumani, alikuwa na Netflix nyuma yake. Anora iligharimu kadiri ya dola milioni 6 kutengenezwa, na iliripotiwa kwamba kampeni yake ya tuzo ilikula takriban mara tatu ya hizo. Mchele wa Kyela huuzwa Dar es Salaam kwa jina kabla gunia halijafunguliwa. Jina hilo halikujengwa kwa siku moja, na lina gharama ambazo mkulima hakuziandika popote.

Desemba 2021 Mbeya ilipata zamu yake. Tuzo za Filamu Tanzania, zinazosimamiwa na Bodi ya Filamu, zilifanyika jijini humo, na mwaka uliofuata zikahamia Arusha. Mtu wa Mbeya aliyetaka kutabiri washindi wa usiku ule, kwa mkeka au kwa kuagiza mzigo wa diski mapema, angeanzia wapi? Marekani mapato ya milangoni ya kila sinema huchapwa kila wiki, na vyama vya kazi huonyesha karata zao mwezi mzima kabla. Kwetu, picha nyingi huuzwa kwa kituo cha televisheni kwa bei wanayoijua watu wawili, muuzaji na mnunuzi. Stempu za kodi zingeweza kutoa hesabu ya nakala zilizouzwa kihalali, kwa jina la filamu na kwa mkoa, lakini msomaji wa kurasa za biashara hapati jedwali hilo.

Hata tuzo za Afrika zenye kura za simu hazitabiriki kwa kipimo cha Oscar. Katika AMVCA za Nigeria baadhi ya makundi huamuliwa na majaji na mengine na watazamaji. Elizabeth Michael na Single Mtambalike walipochukua tuzo Lagos mwaka 2016, Bongo ilishangilia kama imeshinda kombe. Lakini kwa mtabiri, swali la kwanza lilikuwa lile lile: katika kundi hili anapiga kura nani, jaji au mwenye simu? Kundi la simu linataka uhesabu mashabiki na vocha. Kundi la majaji linataka uwajue majaji.

Kwa tuzo za nyumbani basi, karatasi yenye thamani kuliko odi yoyote ni orodha ya jopo na utaratibu wa kugawa alama, ikitolewa kabla na si baada. Mtayarishaji wa Iringa anayetafakari kama atumie akiba yake kupeleka picha kwenye mashindano ana haki ya kuijua, kama mkulima anavyotaka kuiona mizani kabla gunia halijapanda.

Kwa wale watakaoendelea kufuatilia Oscar, kalenda haibadiliki sana: wateule Januari, vyama Februari, sherehe Machi. Ya 2025 ilianza saa 9 usiku kwa saa zetu, kuamkia Jumatatu Machi 3. Ilipotajwa picha bora ilikuwa inakaribia saa 1 asubuhi. Mabasi ya alfajiri ya Dar es Salaam yalikuwa yamekwisha kutoka Mbeya, na pale Mwanjelwa bei ya mahindi ilikuwa imekwisha kukubaliwa.